Ekseli ya Landi ikikatika Keringet, bili ni ya nani?

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo Keringet, gari ndogo hunyamaza. Probox inabaki kando ya lami, bodaboda wanaanza kuchagua abiria, na kazi yote inaachiwa Landi. Land Rover iliyoundwa kabla wazazi wa dereva wake waoane ndiyo inaingia shambani kutoa viazi, ndiyo inabeba mikebe ya maziwa, na jioni ndiyo inarudisha watu nyumbani wakiwa wameshikilia vyuma vya nyuma.

Halafu siku moja ekseli inaita. Sauti ni moja tu, kama mtu amevunja mti mkavu, na gari linasimama. Hapo ndipo vijana wa huko wanaingia kazini na mashine ya kuchomelea, grainda, kipande cha chuma kilichotolewa kwa lori lililokufa, na video ya dakika kumi kwenye simu.

Ukiwa Nairobi au mjini Nakuru unaweza kuona hii kama stori ya mashambani. Lakini chipsi unazonunua jioni zimesafiri juu ya ekseli hizo. Na mwaka 2025 serikali ilianza mjadala unaogusa kila mtu mwenye gari kuukuu. Wizara ya Barabara na Uchukuzi, pamoja na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari. Rasimu hiyo inataka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu yaundwe yawe yakikaguliwa, na inatoa nafasi kwa vituo vya kibinafsi kufanya ukaguzi huo.

Watu wengi mtandaoni waliisoma kama njia nyingine ya kuwatoa pesa. Inawezekana. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa sana: kijana aliyechomelea ekseli nyuma ya nyumba yao Keringet, mkaguzi akiipata, atamwambia nini? Na yeye kijana atajibu nini akiulizwa kwa nini gari lilihitaji kuchomelewa?

Stima ilifika, gereji ikafuata

Keringet iko Kuresoi Kusini, upande wa juu wa Mau, Kaunti ya Nakuru. Ni nchi ya viazi, maziwa, chai na pareto. Dunia inaijua zaidi kwa miguu ya Faith Kipyegon. Wengi wanakumbuka medali zake tatu za dhahabu za mita 1,500 katika Olimpiki, za Rio, Tokyo na Paris. Wachache wanakumbuka kilichotokea kijijini Ndabibit baada ya ile ya kwanza mwaka 2016. Baba yake aliomba kijiji kiwekewe umeme ili waweze kumtazama binti yao akikimbia, na baada ya ushindi ule stima ikaletwa haraka.

Stori hiyo husimuliwa kama ya kufurahisha. Lakini iangalie vizuri. Umeme ulipoingia vijijini haukuleta televisheni pekee. Ulileta kinyozi, mashine ya kusaga, na fundi wa kuchomelea. Zamani ukitaka kuunganisha chuma ilibidi uteremke Molo au Nakuru. Mashine za kisasa za kuchomelea ni ndogo, unazibeba kwa bega kama mkoba, na zinakubali stima ya kawaida ya nyumbani. Kijana akiweka akiba ya misimu miwili ya viazi anaweza kuwa na gereji yake chini ya mti.

Ni jambo zuri. Nchi inayolia kila siku kuhusu ukosefu wa kazi haiwezi kumdharau msee aliyejifunza kuunganisha chuma bila kulipiwa karo na mtu. Shida ni kwamba kuchomelea geti na kuchomelea ekseli ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa mashine ni ile ile na cheche ni zile zile. Geti likiachana, kuku watatoka. Ekseli ikiachana kwenye mteremko, ni stori ya matanga.

Ekseli ni nini hasa?

Watu husema “ekseli imekatika” kumaanisha vitu viwili. Cha kwanza ni hausingi, lile ganda nene la chuma unaloona ukichungulia chini ya gari, lenye tumbo la difu. Ganda hili ndilo limebeba uzito. Cha pili ni hafu shafti, vyuma viwili vilivyo ndani ya ganda ambavyo vinatoa nguvu ya kuzungusha kwenye difu na kuipeleka kwa magurudumu.

Kwenye Landi nyingi za zamani hafu shafti haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuzungusha tu, na gurudumu limeshikwa na beringi zilizo juu ya ganda lenyewe. Ndiyo maana shafti ya Landi ikikatika, mara nyingi gurudumu linabaki mahali pake na dereva anaweza kujikokota nyumbani akiendesha kwa magurudumu ya mbele. Kwenye pikapu nyingi ndogo mambo ni tofauti: shafti hiyo hiyo inazungusha na inabeba uzito. Ikikatika upande wa nje, gurudumu linaweza kutoka na kwenda zake.

Usifikiri basi Landi ni salama. Kuna kitu ambacho madereva wengi hujifunza kwa njia ngumu. Handibreki ya Landi za zamani haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Kama hafu shafti imekatika, difu inazungusha upande uliokatika bure na handibreki inakuwa mapambo. Unasimamisha gari mlimani, unavuta handibreki, unashuka kuangalia kilicholia, na tani nzima ya viazi inaanza kurudi nyuma. Kwa hivyo sheria ya kwanza baada ya kusikia ile sauti ni kuweka jiwe chini ya gurudumu kabla ya kufungua mdomo kuuliza “ni nini hiyo?”

Sasa rudi kwa fundi wetu. Anapoimarisha ekseli, kwa kawaida anaimarisha ganda. Anakata bapa la chuma, analikunja kama upinde, analiweka chini au juu ya ganda na kulichomelea kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Wazo lenyewe si la kijinga. Magari ya mashindano hufanyiwa kitu kama hicho. Swali ni kama limefanywa sawasawa, na kama lilitatua shida iliyokuwepo.

Moto hujenga, moto hubomoa

Chuma kikipashwa moto hupanuka, kikipoa hujikunja. Ukichomelea mstari mrefu upande mmoja wa ganda bila kupumzika, ganda zima linajipinda kuelekea upande wa mstari huo. Kwa macho huoni kitu. Ukirudisha shafti unaona inaingia kwa shida, unaipiga nyundo, inaingia. Baada ya wiki mbili sili inavuja oili, beringi inalia, matairi yanaisha upande mmoja. Mwenye gari anasema Landi imezeeka, kumbe ilipindwa.

Fundi anayejua huchomelea vipande vifupi, anaruka kutoka upande huu hadi ule, na anaacha chuma kipoe chenyewe. Anapima kabla na baada. Hamwagi maji ili kipoe haraka, jambo ambalo ni kawaida sana mashinani kwa sababu mwenye gari anasubiri na mvua inakuja.

Kuna pia suala la rodi. Ile rodi inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi ni 6013. Tarakimu mbili za kwanza zinaeleza nguvu ya chuma kinachobaki baada ya kuchomelea: pauni 60,000 kwa kila inchi mraba. Ni rodi rahisi kutumia, inawaka vizuri, inafaa madirisha na mageti. Kwa kazi inayobeba mzigo na kupigwa na mashimo kila siku, mafundi wa vyuma vizito hutumia 7018, ambayo mbali na kuwa na nguvu zaidi imetengenezwa ili isiingize haidrojeni kwenye chuma. Haidrojeni hiyo hutoka kwenye unyevu, na huacha ufa mdogo usioonekana, ambao unaweza kujitokeza saa kadhaa baada ya kazi kwisha. Lakini 7018 inataka kuhifadhiwa pakavu kabisa. Ukinunua pakiti, ukaifungua, ukaiweka kwenye kibanda cha mbao kwenye baridi na ukungu wa Mau, faida yake yote imeyeyuka.

Na kuna vitu ambavyo haviguswi kabisa na moto wa gereji. Hafu shafti ni chuma kilichopikwa kiwandani ili kiwe kigumu nje na kivumilie kusokotwa. Ukikichomelea, pale karibu na kiungo kinageuka kuwa kama glasi, na pembeni kidogo kinalegea. Kitakatika tena, karibu na ulipochomelea. Springi ni hivyo hivyo. Mikono ya usukani ni hivyo hivyo. Ukiona fundi ameunganisha springi kwa kuchomelea na anakuambia “boss, hii sasa ni mpya,” mlipe nauli yake na umtafute mwingine.

Halafu kuna fundi mwenyewe. Miwani ya jua haizuii mwanga wa kuchomelea. Usiku unahisi mchanga machoni na asubuhi huoni vizuri. Kuchomelea chuma chenye mpako wa zinki, kama bomba la maji, hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka jioni hiyo hiyo. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kijana wa miaka 22 anayefanya kazi hiyo ndani ya kibanda kilichofungwa kwa sababu ya baridi haambiwi hayo na yeyote.

Gunia lenye kilemba

Tuseme fundi amefanya kila kitu sawa. Ganda limenyooka, kiungo ni kizuri, rodi ilikuwa sahihi. Je, gari sasa ni salama zaidi?

Mara nyingi, hapana. Ekseli iliyoimarishwa huleta kishawishi. Mwenye gari akiona bapa jipya chini, anaongeza mzigo. Lakini breki ni zile zile. Springi ni zile zile. Matairi ni yale yale yaliyonunuliwa yakiwa yametumika. Kilichokuwa dhaifu zaidi kimeimarishwa, basi udhaifu umehamia mahali pengine, na mahali pa pili panaweza kuwa breki. Afadhali ekseli ikatike shambani kuliko breki ziishe nguvu ukiteremka na watu nyuma.

Hesabu ni rahisi. Landi ndefu ya zamani, ile ya 109, iliundwa kubeba takriban tani moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Ukipakia magunia 14 ya halali una kilo 700, na bado una nafasi ya dereva, mpakiaji na mwenye shamba. Sasa chukua gunia lililoshonewa kilemba juu, lile wanaloliita mukorino, ambalo huzidi kilo 100. Magunia 14 ya kilo 110 ni kilo 1,540. Idadi ni ile ile, pesa ya mkulima ni ile ile kwa sababu analipwa kwa gunia, lakini ekseli imebeba mara moja na nusu ya kipimo chake, kwenye barabara yenye mitaro, na juu ya mzigo wamekaa vijana watatu.

Kwa hivyo yule broka anayekataa kununua gunia la kilo 50 ndiye anayevunja ekseli. Hayuko shambani, hana mafuta mikononi, na hatajwi kwenye ripoti yoyote ya ajali. Mkulima anapoteza kilo, mwenye Landi anapoteza shafti, na fundi anapata kazi ya kuziba jeraha ambalo litafunguka tena. Kanuni ipo tangu 2019. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama sokoni na kuitekeleza. Mizani za barabara kuu, kama ile ya Gilgil, zinalenga malori makubwa. Landi ya Keringet haipiti hapo, na haitapita.

Barabara mbili, kaunti moja

Hapa ndipo mambo yanakuwa ya siasa. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua ujenzi wa barabara kuu mpya ya kulipia kutoka Rironi kupitia Naivasha na Nakuru hadi Mau Summit. Ni barabara inayohitajika. Yeyote aliyekwama Gilgil siku ya sikukuu anajua. Itaishia Mau Summit, ndani ya Kaunti hii hii ya Nakuru.

Ukitoka huko ukarudi upande wa Molo na kushika njia ya Olenguruone, utapita Keringet. Njia kuu hiyo si shida kubwa. Shida inaanza ukikata kona kuingia mashambani. Huko ni udongo mwekundu, ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliziachia kaunti barabara za kaunti. Lakini pesa za kutunza barabara hutoka sana kwenye ushuru unaolipwa kwa kila lita ya mafuta, ambao Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25. Kisha magavana na wabunge wakaanza kuvutana kuhusu shilingi bilioni 10.5 za hazina hiyo: kaunti zikisema ni zao, Bunge la Kitaifa likisema la.

Weka hiyo kwa hesabu ya mwenye Landi. Gari lake linakunywa mafuta kama lina kiu ya ukoo mzima, hasa likiwa kwenye gia ya chini matopeni. Kila lita ameweka shilingi 25 kwa kutunza barabara. Barabara haikutunzwa, kwa hivyo ekseli ikakatika. Akalipa fundi. Sasa anaambiwa ajiandae kulipia ukaguzi utakaomwambia kwamba ekseli yake si sawa. Amelipia shimo moja mara tatu.

Hilo halimaanishi ukaguzi ni mbaya. NTSA ilihesabu watu 4,748 waliouawa barabarani mwaka 2024. Juni 30, 2023, zaidi ya watu 50 walikufa pale Londiani, kaunti jirani ya Kericho, lori lilipopoteza mwelekeo na kuwavamia wachuuzi na abiria kando ya barabara. Watu wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa maana ya chuma kizito kisichosimama. Hoja ni kwamba ukaguzi unaomwangalia mwenye gari pekee, bila kuangalia barabara na soko linalomjaza mzigo, utakuwa kituo kingine cha kutoa kitu kidogo.

Sheria inasema nini leo

Kuna watu wanaamini mpaka kanuni mpya zipite, gari la kibinafsi ni mambo ya mwenyewe. Sivyo. Sheria ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 55, tayari inakataza gari kuwa barabarani kama sehemu zake ziko katika hali ya kuhatarisha watu. Haibagui gari la umma na la nyumbani. Ekseli iliyochomelewa vibaya inaingia hapo bila kupingwa.

Halafu kuna bima. Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine. Soma ile karatasi yako. Kwa kawaida unatakiwa kuieleza kampuni ukibadilisha kitu kikubwa kwenye gari, na uzito uliozidi kipimo ni sababu ambayo kampuni yoyote itaitafuta kwanza siku ya madai. Kijana aliyeimarisha ekseli ili abebe zaidi amejiandikia mwenyewe barua ya kukataliwa.

Linganisha na Safari Rally, ambayo tangu 2021 imerudi kwenye mashindano ya dunia na hufanyika Naivasha, Nakuru hii hii. Gari la mashindano haliwezi kuanza kabla ya wakaguzi kulipitia chuma kwa chuma. Lina watu wawili ndani, wamevaa kofia ngumu, wamefungwa mikanda, na ambulensi inasubiri. Landi ya Keringet inapita kwenye matope kama yale ikiwa na watu wanane, mtoto mmoja na mbuzi, na hakuna aliyechungulia chini yake tangu ilipochomelewa. Hatusemi kila Landi ikaguliwe kama gari la mashindano. Tunasema chuma hakijui nani ni tajiri.

Mpe fundi karatasi, si pingu

Njia rahisi ni kusema vijana wakome kuchomelea ekseli nyumbani. Hawatakoma. Vipuri asilia ni ghali, gereji kubwa ziko mbali, na mvua haisubiri. Ukiwafukuza, watafanya usiku, na kazi ya usiku huwa mbaya zaidi.

Njia ya maana ni kuwafanya waonekane. Tayari tuna chombo cha kufanya hivyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na kuchomelea ni mojawapo. Na mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Yaani kama umechomelea kwa miaka mitano chini ya mti, unaweza kupimwa na kupewa cheti bila kurudi chuoni kuanza na herufi. Ni sera iliyofaa kufika Keringet kabla ya kanuni za ukaguzi, lakini mambo yanaelekea kwenda kinyume: faini zinajulikana mpaka kijijini, fursa hazijulikani.

Kaunti nayo ina vyuo vya ufundi vilivyo chini yake kwa mujibu wa Katiba. Chuo kimoja kikipewa mashine ya kupima kama ganda limenyooka, wino wa rangi unaopenya na kuonyesha nyufa, na mwalimu wa kufungua mlango Jumamosi, kitafanya kazi kuliko makongamano kumi ya vijana hotelini. Wino huo si teknolojia ya anga: unapaka, unafuta, unapuliza unga mweupe, na ufa unajionyesha kwa mstari mwekundu. Fundi akiona kazi yake mwenyewe ikitoa mstari mwekundu, hahitaji hotuba.

Na karatasi ina faida nyingine. Fundi mwenye cheti anaweza kumwambia mteja “hii siwezi.” Asiye na cheti akikataa kazi, mteja anavuka barabara kwa jirani. Mwenye jina lililoandikwa ana kitu cha kulinda.

Kama wewe ndiye fundi, au gari ni lenu

Kabla hayo yote yafike, kuna mambo ambayo hayahitaji serikali.

Jua kilichovunjika kabla ya kuwasha mashine. Kama ni shafti, dawa ni shafti nyingine, hata ya kuvuliwa kwa Landi iliyokufa, mradi haijasokotwa. Angalia meno yake: mistari ikiwa imepinda kama kamba, hiyo imeshachoka. Kama ni ganda lenye ufa mdogo, linaweza kuokolewa. Kama limepinda, kuliongezea bapa ni kulipindisha milele.

Toa betri na chomoa waya za alteneta kabla ya kuchomelea. Funga kishikio cha waya wa ardhi karibu kabisa na mahali unapochomelea, ili umeme usipitie kwenye beringi ukaziunguza. Toa oili ya difu, safisha chuma mpaka king'ae, na ujue tenki la mafuta liko umbali gani. Usifanye kazi hii gari likiwa juu ya jeki pekee. Chomelea vifupi, pumzika, pima.

Kisha siku ya kwanza, endesha tupu. Kagua baada ya kilomita chache, kagua tena baada ya wiki. Gusa kitovu cha gurudumu kwa mkono: kikiwa cha moto kuliko kile cha upande wa pili, kuna kitu hakiko sawa. Na usiongeze hata gunia moja juu ya kipimo cha zamani. Bapa ulilochomelea lilikuwa la kurudisha nguvu iliyopotea.

Kwa mwenye gari, muulize fundi swali moja tu: “Wewe utakaa nyuma nikiteremka nalo likiwa limejaa?” Akisita, umepata jibu.

Sisi wa mjini tuna sehemu yetu pia. Rasimu za kanuni zinapotolewa kwa maoni ya umma, wanaojitokeza ni wenye matatu, wenye malori na mawakili. Fundi wa Keringet haji, na hakuna anayemtaja. Kanuni za ukaguzi zinaweza kuandikwa zikitambua fundi mwenye cheti cha NITA kama mtu anayeweza kusaini kwamba ekseli hii nimeitengeneza mimi. Zinaweza pia kuandikwa kwa namna kwamba kila Landi yenye alama ya kuchomelewa ni kosa. Ya kwanza itamlazimisha fundi ajifunze. Ya pili itamfundisha kupaka rangi nyeusi juu ya kiungo ili kisionekane.

Na rangi nyeusi, tofauti na rodi, inapatikana kila duka.